Sikio la Upande wa Pili

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, kisha juu ya gundi ikabandikwa utepe, na papo hapo nikajua kuna jambo. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea bahasha za chekechea yetu: za chanjo, za dawa za minyoo, za mkaguzi wa vyoo. Hakuna hata moja iliyowahi kufungwa mara mbili. Mtu akifunga kitu mara mbili ana wasiwasi kwamba kuna mwenzake atakayekifungua, na katika ofisi ile mwenzake huyo ni mimi.

Sikuifungua. Niliiinua tu dirishani, jua la saa nne likapita ndani yake, nikasoma nilichoweza. Kilichobaki nilikisoma baadaye, Mwalimu Mkuu alipoifungua na kuisahau mezani. Ilitoka kwa yule daktari wa watoto aliyekuja wiki mbili nyuma na rundo la fomu na kalamu za rangi nne. Ilikuwa orodha ya watoto wa Darasa la Wakubwa wenye dalili za tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Waitwe na walezi wao Ijumaa asubuhi wapimwe zaidi, na watakaothibitika wahamishiwe darasa maalumu muhula ujao, faili zao ziwafuate mpaka shule ya msingi. Majina kumi na moja. La saba lilikuwa la mjukuu wangu.

Nilikaa chini. Mjukuu wangu tunamwita Cherehani, kwa sababu miguu yake ikiwa chini ya meza haikomi kwenda, utadhani anashona gauni la harusi. Ni mtoto mchangamfu. Anaongea sana, anaanguka sana, anacheka kabla hujamaliza kichekesho. Faili! Mtoto hata kamasi hajajua kupenga mwenyewe, tayari ana faili linalomfuata.

Nikaisoma orodha mara ya pili, safari hii kwa kichwa cha kazi. Tisa wavulana, wawili wasichana. Na wote kumi na mmoja, bila kubakiza, ni wa upande wa chini wa barabara, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo milango inatazamana na bomba ni moja. Kutoka upande wa juu, kwenye nyumba zenye mageti, hakuna hata mmoja, ingawa namjua mtoto wa huko aliyemng'ata mpishi mkono mpaka akapigwa sindano. Aliyejaza fomu zile ni mwalimu wa Wakubwa. Mwalimu wa Wakubwa anaishi upande wa juu. Nikasema, aa, kumbe ndiyo hivyo.

Pale kazini wananiita Karani. Nyuma ya mgongo wangu wananiita Mpelelezi, wakidhani sijui, na najua hata aliyeanza. Ni huyo huyo mwalimu wa Wakubwa, mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye kikengele cha shaba anachokigonga watoto wakizidi kelele. Mimi namwita Bi Kengele. Kwa hiyo hatudaiani.

Kuanzia siku ile nikaanza kumchunguza. Mlango wa Wakubwa una kioo kidogo juu, na mimi nina sababu elfu za kupita koridoni. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba fomu alizijaza kwa penseli. Maswali kumi na nane kwa kila mtoto: je, hukimbiakimbia asipopaswa, je, hujibu swali kabla halijaisha, je, hupoteza vitu vyake. Nani anajaza fomu ya daktari kwa penseli kama si mtu anayetaka nafasi ya kurudi kufuta? La pili, watoto wa orodha alikuwa amewakalisha mbele wote, benchi moja, kama washitakiwa. La tatu ndilo lililonichemsha. Walikuwa wanakata duara kwa mikasi. Wa upande wa juu wamemaliza, wamekunja mikono. Benchi la mbele, karatasi zimeraruka, mmoja analia, na Cherehani keshaingia chini ya meza. Kengele. Cherehani akatoka, akakaa, akaingia tena. Kengele. Basi Bi Kengele akapiga magoti mbele yake, akamfunga vifungo vya shati, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili kama anayekipima. Kisha akamwambia afungue mdomo, akachungulia ndani.

Meno! Anakagua meno ya mjukuu wangu kama ng'ombe wa mnadani! Nilirudi ofisini, nikapiga muhuri barua tatu kichwa chini.

Kabla sijapoa, hodi mlangoni. Ni yeye.

"Bi Karani, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba kidogo daftari la uandikishaji."

"La nini?"

"Nataka kuangalia kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Nikishahakikisha nitakwambia."

"Limefungiwa," nikasema.

"Na ufunguo?"

"Ufunguo umeenda kuchongeshwa mwingine."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu kwenye uzi mwekundu, na alikuwa anautazama. Akashukuru, akaondoka, na shukrani yake ikanitia shaka kuliko ombi lake.

Jioni ile fundi viatu alinisubiri getini. Ana kibanda pale njia panda, na kijana wake ni wa tatu kwenye orodha, mtoto mdogo wa kimo mwenye sauti ya spika. Mwalimu Mkuu alikuwa amempa barua ya wito, na alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kama kiberiti.

"Karani, wewe ni mtu wetu," akasema. "Niambie ukweli. Wamemwandika mwanangu kichaa?"

"Hawajaandika kichaa. Wameandika hatulii."

"Sasa nani anatulia na miaka mitano? Mimi mwenyewe situlii na arobaini!"

"Umeulizia wengine ni nani?"

"Nimeulizia. Wote wetu."

"Basi kaa nalo hilo," nikamwambia. "Ijumaa mchana kuna kikao cha wazazi. Njoo na wenzako. Mimi nitasimama, nitasoma jina na nyumba, jina na nyumba, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye daftari la shule lenyewe. Tuone kama ataigonga hiyo kengele yake."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, myeusi kwa rangi ya viatu. Alisema siku zote alijua mtaa una mtu ofisini. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Na hapa niseme jambo, maana bila hilo hamtanielewa. Kazi ninayoijua kuliko wote pale ni kuandikisha. Mwanzo wa mwaka wazazi hupanga mstari hadi getini, na karibu wote wanataka Wakubwa. Watoto wa Darasa la Wadogo huenda nyumbani saa sita mchana. Wakubwa hula, hulala, hubaki hadi saa kumi. Mama anayepanga biskuti kiwandani kwa zamu, saa sita mtoto atamwachia nani? Lakini kuingia Wakubwa sharti mtoto awe ametimiza miaka mitano ifikapo siku ya kwanza ya mwaka. Wa upande wa juu huja na vyeti vya kuzaliwa vilivyotiwa plastiki, na hawana haraka, nyumbani wana wasaidizi. Wa upande wa chini huja na maelezo: alizaliwa wakati wa mvua, alizaliwa baba yake alipovunjika mguu. Kwa hao tuna kipimo nilichokikuta kwa karani aliyenitangulia. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa anashika sikio la kushoto. Akilishika, amefika. Asipolishika, arudi mwakani. Na kama mama ana uso wa kuchoka, na vidole vimepelea kidogo tu, mimi humwambia mtoto, "Inamisha kichwa, mpenzi." Sikio linaufuata mkono, kalamu yangu inaandika, mama anawahi zamu. Nusu ya mtaa wananiombea dua kwa ajili hiyo.

Alhamisi, saa ya usingizi, nilifungua kabati. Watoto walikuwa wamelazwa kwenye magodoro yao membamba, koridoni hakusikiki kitu isipokuwa mpishi akisugua sufuria. Nikatoa daftari, nikachukua karatasi safi, nikaweka rula chini ya jina la kwanza la orodha nisije nikachanganya mistari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, nyumba. Nilikuwa natafuta nyumba. Ila rula inapita kwenye mstari mzima, na macho hayachagui.

Wa kwanza: tarehe moja, mwezi wa kwanza. Nikaandika nyumba yake. Wa pili: tarehe moja, mwezi wa kwanza. Wa tatu, wa fundi viatu: tarehe moja, mwezi wa kwanza. Kwa wa tano nilivua miwani nikaifuta kwa kanga. Wa saba nilimruka, nikamalizia wengine, kisha nikamrudia. Kumi na mmoja, na wote wamezaliwa siku moja, kama vifaranga vya mashine.

Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba Bi Kengele ameingia ofisini akabadilisha. Ndiyo maana alikuwa analitaka daftari! Kabisa nikainuka niende kwa Mwalimu Mkuu. Nilifika mlangoni. Halafu nikarudi nikatazama tena, kwa sababu kuna mtu mmoja tu pale shuleni anayeandika moja yenye kofia na kiatu, na mtu mmoja tu anayetumia wino wa zambarau, na chupa ya wino ule ilikuwa mezani kwangu haina kifuniko.

Ilikuwa tarehe ya wasio na tarehe. Mtoto akishika sikio, mimi humwandikia siku ya kwanza ya mwaka, miaka mitano kamili, kazi imekwisha. Darasani wenye tarehe hiyo walikuwa kumi na wanne. Watatu tu ndio waliopona orodha.

Nikakumbuka picha ya darasa iliyobandikwa juu ya kabati langu, ambayo naitazama kila siku. Niliisogelea. Watoto thelathini wanacheka. Nyuma wa upande wa juu, karibu kila mmoja ana pengo mbele, wengine mapengo mawili. Mbele wa upande wa chini, meno ya maziwa yote yamepangana kama punje, hakuna lililong'oka hata moja. Bi Kengele hakuwa anakagua ng'ombe. Alikuwa anajiuliza swali la umri, ambalo jibu lake lilikuwa limefungwa shingoni mwangu kwa uzi mwekundu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na sikutaka mtu yeyote aingie.

Hata hivyo nilifunga daftari. Nasema kweli yangu. Nilijiambia, miezi kumi ni nini kwa mtoto, kuna watu wazima hawajui hata mwaka waliozaliwa. Nikaitia ile karatasi ya majina na nyumba kwenye mkoba.

Nyumbani, binti yangu alikuwa ametoka kiwandani, nywele zina harufu ya sukari iliyoungua. Nilikuwa napakua chakula. Cherehani alikuwa anazunguka meza, akagonga jagi, maji yote chini. Nikalipuka.

"Mtoto mkubwa mzima! Miaka mitano na nusu, bado unamwaga maji kama kitoto kichanga! Wenzako wanakata duara wewe unaingia mvunguni! Huoni aibu?"

Akasimama wima, mikono imebana mapajani, midomo inatetemeka. Anapojitahidi kutulia huwa anatetemeka mwili mzima.

"Mama," binti yangu akasema, akatazama mlango kama umefungwa. "Ana miaka minne."

"Najua."

"Atatimiza mitano mwezi wa kumi na moja."

"Najua. Mimi ndiye niliyempokea."

"Sasa mbona unamgombeza wa mitano na nusu?"

Mjukuu wangu cheti anacho. Kimo ndani ya sanduku langu, chini ya kanga za msiba, kimeandikwa mwezi wa kumi na moja. Nilikificha mwenyewe, nikamweka mtoto mstarini pamoja na wasio na vyeti ili watu wasiseme Karani kapendelea wake. Mkono wake ulikuwa mbali na sikio, siyo kidogo. Wiki nzima nilimfundisha pale pale sebuleni, nikimpindua shingo kwa mkono wangu, tunacheka. Mwaka sikuugusa, nilibadilisha mwezi tu. Na uongo ule nilikuwa nimeusema vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nikauamini, nikawa namgombeza mtoto kwa umri niliomwandikia.

Tulipanguza maji. Nikamweleza binti yangu kila kitu: orodha, tarehe, meno. Alisikiliza akiwa amechuchumaa na tambara mkononi.

"Ukisema, wanamrudisha Wadogo," akasema.

"Wanamrudisha."

"Saa sita yuko getini. Mama, msimamizi alinipa zamu hii kwa sababu nilimwambia mtoto yuko shule hadi saa kumi. Wapo wanane wanaingojea nafasi yangu."

"Nisiposema wanampeleka darasa maalumu."

Akakamua tambara, polepole. "Na hilo darasa maalumu," akauliza, "wanatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

Tulishindwa hata kutazamana, mtu na mwanawe, kwa sababu sekunde ile sote wawili tulikuwa tumelifikiria. Cherehani alikuwa bado amesimama pale tulipomwacha, anajitahidi kutulia.

Ijumaa asubuhi daktari aliketi kwenye chumba cha usingizi, magodoro yamepangwa ukutani. Walezi walikaa koridoni kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Fundi viatu alikuwa amevaa shati la pasi, kijana wake yuko mapajani anapiga honi. Nilipopita na Cherehani alinikonyeza, akagusa mfuko wa shati kama kunikumbusha karatasi yangu ya mchana. Mkobani nilikuwa na ile karatasi na pia nilikuwa na daftari. Sikuwa nimeamua.

Ndani, Bi Kengele alikuwa kwenye kiti pembeni, rundo la fomu mapajani. Daktari ni binti mdogo, mwenye miwani mikubwa, na chupa ya chai ambayo tangu mwanzo niliishuku, ingawa sikujua naishuku kwa lipi. Nikaamua kuanza mimi.

"Daktari, kabla ya yote. Mbona wavulana tisa?"

Hakukasirika. "Hata mimi limenikera," akasema. "Mvulana akishindwa kazi huingia chini ya meza. Msichana akishindwa, hutazama dirishani. Anayeandikwa ni wa chini ya meza. Nimemwomba mwalimu aniletee pia wanaotazama dirishani."

Bi Kengele akatikisa kichwa kukubali, na nikaona fomu mpya juu ya rundo lake, ya msichana mpole kabisa wa upande wa juu. Hilo sikuwa nimelipeleleza.

"Na mbona wa upande wa chini watupu?"

"Hilo sijui," daktari akasema. "Nilitarajia unisaidie wewe."

Sauti yake haikuwa na mtego, nami niliutafuta kwa bidii. Akafungua jedwali lake, karatasi yenye safu za miaka, kila safu imepigwa mstari mwekundu mahali pake. Alama za Cherehani zilikuwa thelathini na nne. Akaweka kidole kwenye safu ya miaka mitano, ambako mstari ulikuwa thelathini; alikuwa ameuvuka kwa alama nne.

"Kijana, una miaka mingapi?"

Cherehani akanitazama mimi. "Mitano na nusu," akajibu kwa sauti kubwa. Na kabla hajaulizwa lingine, kwa sababu hujibu maswali kabla hayajaulizwa, akapitisha mkono juu ya kichwa, akalaza shingo mpaka sikio likagusa bega, akalikamata sikio la kushoto kwa vidole vyote. Alikuwa amepinda kama mti wa kwenye upepo, anacheka kwa fahari. "Ona! Bibi amenifundisha!"

Daktari akatabasamu, akashika kalamu nyekundu, akaileta kwenye karatasi. "Haya, mitano na nusu."

Bi Kengele hakutabasamu. Alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo, kama ya mtu anayemwomba mwenzake asimlazimishe kusema yeye.

"Ngoja," nikasema.

Nikapiga magoti. Nilimshika mjukuu wangu kichwa kwa viganja viwili, nikakinyoosha taratibu mpaka kikakaa sawa juu ya shingo yake. Mkono ukaburutika juu ya nywele, sikio likauponyoka. Vidole vikabaki vinapapasa hewa, nusu kiganja juu ya sikio.

"Bibi, umenipindua vibaya," akasema.

"Hapana. Siku ile ndiyo nilikupindua vibaya."

Nikatoa daftari mkobani nikaliweka juu ya jedwali. "Ana miaka minne na miezi tisa," nikamwambia daktari. "Tarehe zote za siku ya kwanza ya mwaka ni zangu. Nimeziandika mimi, kwa mkono wangu. Huyu cheti chake nilikificha. Wengine niliwainamisha vichwa, hakuna aliyenilazimisha."

Daktari akalisogeza daftari, akahamisha kidole safu moja kushoto. Kwa miaka minne mstari mwekundu ulikuwa thelathini na nane. Akatazama jedwali, akamtazama mtoto. "Katika safu hii hana tatizo," akasema. "Ni mtoto wa miaka minne, basi." Akaitoa fomu yake kwenye rundo la darasa maalumu, akaiweka kando peke yake.

Nilitaka kufurahi, ila nilimsikia Bi Kengele akivuta pumzi. "Miezi minane," akasema. "Miezi minane namgongea kengele kwa sababu hajakua."

"Mwalimu, nisamehe."

"Nilikuomba daftari."

"Uliniomba," nikasema. "Nikakudanganya na ufunguo uko shingoni."

Akainama akamfunga Cherehani kifungo kimoja kilichofunguka, kama alivyokuwa amefanya siku ile nilipomwona kwenye kioo.

Daktari alikuwa anafunua kurasa, anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Wengine watakuwa wamezidishiwa kiasi gani?"

"Wazazi wao wanajua. Hawajui tarehe, lakini wanajua mvua ipi. Hakuna aliyewahi kuwauliza vizuri." Nikasimama, magoti yakalia. "Wapo watakaotoka kwenye orodha, na wapo watakaobaki. Ila Mwalimu Mkuu nitamwambia mimi. Na kikao cha mchana nitasimama vile vile."

Ile karatasi ya majina na nyumba nikaigeuza upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, nikaiweka mezani kwa ajili ya tarehe za kweli. Nilifikiria zamu ya binti yangu, saa sita ya Jumatatu na mtoto getini, na kiti changu cha miaka kumi na tisa. Niliogopa, sitasema sikuogopa. Kisha nikafungua mlango. Fundi viatu aliinuka upesi, akatabasamu, kijana wake amemning'inia shingoni.

"Mambo tayari, Karani?" akanong'ona. "Tumempata?"

"Tumempata," nikamwambia. "Ingia, kaa, nikueleze ni nani."

Nyuma yangu Cherehani hakuwa ametoka pale nilipomsimamisha. Kichwa kilikuwa wima kama nilivyokiacha, mkono bado uko juu, anajivuta kwa nguvu zake zote mpaka kisigino kimeinuka.

"Bibi, haufiki."

"Shusha mkono, baba. Utafika wenyewe."